Moshi Wenye Adabu

Gari la abiria la kwenda Nyamongo lilikuwa halijaumaliza mtaa wa Nkende, Filemoni akajikuta katikati ya vita. Kushoto kwake alikaa mzee Mogesi, fundi wa kuchomelea mageti. Kulia alikaa mama Verdiana, amepakata kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Umeme uko juu mno," mzee alilalama. "Nachomelea geti moja, uniti kwisha. Na makaa ya mawe yamejaa huko kusini! Wayachome, umeme ushuke bei."

"Wayachomee kwako, mzee wangu," mama Verdiana akasema. "Moshi ule ukiingia kifuani hautoki. Unataka tukohoe sisi na ng'ombe wetu?"

Mzee akacheka. "Wewe mama ndiye unayeogopa moshi? Hicho kibuyu umekisafisha na nini?"

Filemoni akameza mate. Alijua kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi, ndipo maziwa yapate ladha.

"Kijinga kimoja tu, halafu nikafunika," mama alijibu. "Hilo dohani lako la makaa ya mawe nani atalifunika? Haya, onja moshi wenye adabu."

Mzee akapiga mafunda, akafuta masharubu. "Moshi ni moshi," akasema, akaomba tena ili apate uhakika. Mama naye akanywa, kuthibitisha kwamba mzee anakosea. Kibuyu kikawa kinakwenda na kurudi mbele ya pua ya Filemoni, ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Gari liliposimama Nyamongo, ubishi ulikuwa haujaisha. Maziwa ndiyo yaliyoisha.