Uzi Mnene wa Litungu la Mzee Mukhisa

Kila asubuhi kabla ya chai, Mzee Mukhisa Wakoli aligusa nyuzi zote saba za litungu lake, ala ya jadi ya muziki, mmoja mmoja, akiinamisha sikio, kisha akakaza ule mnene uliopenda kulegea. Mkewe Nabwile alijua asipomaliza, chai itapoa tu.

Alizaliwa Kamukuywa tarehe 3 Juni 1944. Alisoma hadi darasa la tatu, halafu baba yake akamfunza kuchonga na kupiga litungu. Alimuoa Mama Nabwile mwaka 1969. Kazi yake ilijulikana hadi Cheptais. Harusi nyingi hazikuanza kabla hajafika.

Mwaka 2003 mdogo wake Hillary, fundi wa umeme wa magari mjini Kitale, alifunga mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha gari, kwenye litungu lake mwenyewe. Uzi mnene ukilegea, springi iligusa swichi na mota ikauvuta. Ukikazika vya kutosha, ilijizima. Watu wakaanza kumwita Hillary harusini. Marehemu Mzee Mukhisa aliona wivu. Hatutauficha, kwa sababu hata yeye hakuuficha. "Mashine inasikia nini?" aliuliza kila mgeni, hata mama aliyekuja kuuza mayai.

Desemba 2004, kwenye harusi huko Kanduyi, Hillary alipoenda kuchukua chakula, marehemu alilegeza fundo la chini la uzi ule. Mota ikanguruma, ikaukaza. Akalegeza tena. Ikakaza tena. Shemeji yake Phelista akapaza sauti, "Mzee, si uiachie tu! Hiyo haichoki, bana!" Harusi nzima ikacheka. Hillary akarudi na sahani mkononi, akacheka pia. Kicheko hicho kimoja ndicho marehemu hakusamehe. Hawakusemezana mwaka mmoja na nusu.

Februari 2006 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikataa kukaza, lakini kila asubuhi aligusa ule uzi, akausikia umelegea, akauacha vilevile. Hillary aliomba kuja mara mbili. Mara mbili akakataliwa.

Jumanne, tarehe 13 Juni, aliweka litungu kwapani. Mama Nabwile akauliza, "Baba Dinah, na chai je?"

"Funika. Naenda Kitale, Hillary anikazie huu mmoja. Lakini mtu akiuliza, sema nimeenda sokoni."

Akatoka. Alianguka kabla ya kufika barabarani, na hakuamka.

Ameacha mjane Nabwile, binti yake Dinah, wajukuu watano, na mdogo wake Hillary, ambaye jana aliukaza uzi ule mnene wa kaka yake kwa mkono.

Mungu ampumzishe kwa amani Mzee wetu.