Evodia Apolinary, Mtangulizi Asiyefichwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Darsait, kaka na dada katika imani, na wewe mjomba Zakayo uliyeketi safu ya mbele, historia mtakayoisikia sasa si ile iliyofika kwa ndege juzi Alhamisi ikiwa imeshachapwa na kugongwa muhuri wa ukoo. Ile ilikuwa na kurasa mbili, ilisema marehemu aliishi na kufa katika dini ya wazazi wake, na miaka kumi na tisa aliyoishi Maskati iliandikwa kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa nje ya nchi kwa shughuli zake binafsi. Stefania, binti wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, aliombwa aisome, akakataa, akaandika hii.

Evodia Apolinary Mujwahuzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Apolinary, katekista wa kigango, na mkewe Mama Conjesta, nyumba ambayo rozari ilisaliwa kila jioni na asiyejua maneno alikula mwisho. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akafaulu, akachaguliwa kwenda sekondari mwaka uleule ambao kaka yake Zakayo, aliyekuwa amerudia darasa la saba, naye alichaguliwa, na baba akaamua kwamba nyumba moja inatosha kuwa na msomi mmoja, naye awe wa kiume. Evodia alibaki nyumbani akipalilia migomba ya kibanja, lile shamba la familia linalozunguka nyumba, akajifunza kushona kwa cherehani ya parokia, na kwa muda wote huo hakuna aliyemsikia akinung'unika, jambo ambalo ile karatasi ya ukoo inaliita utii, na Stefania analiita dhuluma.

Mwaka 1988 alikwenda Dar es Salaam, akaajiriwa kushona sare za shule huko Temeke, na tarehe 5 Mei 1990 akafunga ndoa na Raymond, fundi wa magari, mtu mpole mwenye mikono isiyotoka grisi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Stefania aliyezaliwa mwaka 1991, na Renatus aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye hakupata viza kwa wakati na sasa hivi anatusikiliza kwa simu akiwa Mwanza.

Katika mwaka 1995 vijana wawili wenye mashati meupe walisimama mlangoni pake kuomba maji, wakarudi kufundisha, na baada ya kusoma, kuuliza na kubishana nao kwa miezi mingi, Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1996 Evodia alizamishwa majini, akawa muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaoitwa Wamormoni, mtu wa kwanza katika ukoo wake kufanya hivyo na hadi leo mmoja wa wachache. Raymond hakujiunga, lakini siku ile alimbebea taulo, na tangu mkewe alipoacha chai na kahawa kwa ajili ya imani hiyo, alikuwa akiwatania wageni kwamba sasa sukari yote ya nyumba ni yake.

Desemba ya mwaka huohuo alikwenda nyumbani Muleba kwa Krismasi, na tarehe 27 ukaitwa ukoo, watu thelathini na zaidi, kikazungushwa kikapu cha buni za kutafuna kama ilivyo heshima ya Wahaya, kilipomfikia akakipokea kwa mikono miwili, akampa aliyefuata bila kutwaa hata punje moja. Baba yake alisimama, akasema mbele ya wote, "Aliyekataa kikapu cha baba yake asije kutafuta kaburi kwenye kibanja cha baba yake." Zakayo alikuwa wa kwanza kuitikia. Mama Conjesta hakuitikia, na asubuhi alimsindikiza bintiye hadi barabarani, akampa senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba, wakaachana bila maneno kwa sababu wote wawili walijua kwamba anayesema kwanza atalia.

Raymond alifariki kwa ajali ya gari tarehe 2 Oktoba 2004. Tarehe 20 Januari 2006 Evodia aliwaacha watoto kwa dada wa marehemu mumewe, akaja Maskati kufanya kazi za ndani, na katika begi lake, ndani ya kanga mbili, alikuwa na Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili, ambacho kwa miaka mitano alikisoma peke yake chooni, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa katika nyumba ile ya kwanza hakuwa na chumba wala pembe iliyokuwa yake.

Kuhusu nyumba ile msomaji hatataja jina, lakini hatanyamaza pia. Tarehe 11 Septemba 2009 Mama Conjesta alifariki, Evodia akaomba pasi yake ya kusafiria iliyokuwa imefungiwa kwenye kabati la mwenye nyumba, akaambiwa asubiri Idi ipite kwa kuwa kutakuwa na wageni, Idi ikapita, akaambiwa maiti haisubiri, ameshazikwa, sasa unakwenda kufanya nini. Alipompigia Zakayo, akajibiwa kwamba ni heri hakuja. Hivyo mwanamke huyu alinyimwa msiba wa mama yake mara mbili, na watu wasiojuana, walioabudu tofauti na kusema lugha tofauti, wakaafikiana kabisa katika jambo hilo.

Aliyemtoa pale ni bibi mnayemwona kwenye kiti cha magurudumu, Bi Kheiria, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa akiishi ukuta kwa ukuta na nyumba ile, ambaye kwa wiki nzima alisikia mtu akilia kwa Kiswahili uani, akavaa buibui lake, akaenda kubisha hodi. Aliwaambia wenye nyumba, "Huyu nipeni mie. Nnataka mtu wa kusema naye, na nyie hamna haja naye ila ya mikono yake." Ilichukua zaidi ya mwaka, mwanawe Hamood akienda na kurudi ofisini kufuatilia karatasi za uhamisho, na mwezi Machi 2011 Evodia akahamia kwa Bi Kheiria, humohumo Darsait, akakabidhiwa pasi yake mkononi, akapewa chumba chenye dirisha.

Siku ya kwanza Bi Kheiria alimmiminia kahawa, Evodia akaomba radhi, akaeleza, akingoja kufukuzwa kama alivyozoea. Bi Kheiria akasema ana wajukuu ambao hawaswali hata wakibembelezwa, na yeye ameletewa mtu anayemwogopa Mungu hadi kwenye kikombe, basi akae. Wakakaa miaka kumi na nne, mmoja akitandika msala wake na mwingine akipiga magoti upande wa pili wa ukuta, na hawakuwahi kugombana kwa ajili ya Mungu, waligombania chumvi tu.

Mwaka 2012, katika duka la vitambaa huko Matrah, mwenye duka alileta trei ya kahawa, Evodia akaikataa kwa adabu, na mwanamke Mfilipino aliyesimama karibu naye akaikataa pia, wakatazamana, wakaanza kucheka hata kabla ya kuulizana. Yule alikuwa Dada Marilou, muuguzi, naye ndiye aliyempeleka kwa waumini wachache waliokuwa wakikutana siku ya Ijumaa kwa utulivu, na Evodia alipogundua kwamba hakuna hata mmoja anayesema Kiswahili, alianza kuwatafuta wenzake mmoja mmoja, kwenye vituo vya basi, kwenye foleni za kutuma mizigo, Watanzania na Wakenya, wengi wao wakiwa wapishi na walezi wasiokuwa na siku ya kupumzika isipokuwa saa tatu za Ijumaa. Wawili hawakujua kusoma, akawafundisha, na nguo nyeupe za ubatizo zote alizishona yeye mwenyewe, na leo wanawake hao waliopata ruhusa ya kuja ni kumi na tisa, ndio mnaowaona wamesimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha. Hizi ndizo shughuli binafsi zilizoandikwa kwenye ile karatasi.

Mwezi Juni 2023 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji mwezi Julai, akatibiwa kwa dawa za mshipa kwa miezi sita, akapata nafuu, akarudi kushona, lakini Oktoba 2024 madaktari walikuta ugonjwa umefika kwenye ini, wakasema ukweli bila kumzungusha. Stefania alifika Maskati tarehe 18 Novemba kumuuguza, na katika siku hizo mama yake alisema jambo moja analolitamani, azikwe karibu na Mama Conjesta, kwa kuwa hakumzika. Hamood akasema safari na karatasi zake ataziandaa yeye.

Stefania alimwandikia mjomba Zakayo, ambaye sasa ndiye mkuu wa ukoo, na tarehe 2 Desemba lilikuja jibu la sauti kwenye simu, akalifungua kitandani pa mgonjwa akidhani ni salamu. Mjomba alisema, "Arudi kwanza alikotoka, atubu mbele ya ukoo, ndipo tuzungumze habari za kaburi." Stefania hakuamini, akampigia padre wa parokia, mzee aliyemfahamu Evodia tangu cherehani ile, na padre akasema kwamba hana pingamizi lolote, kibanja ni cha familia na haizikwi dini bali huzikwa mtu, na kwamba angekuja kusimama pale hata kama hataongoza ibada. Msomaji analisema hili ili asilaumiwe asiyehusika, kwani aliyefunga mlango hakuwa kanisa, alikuwa ndugu.

Siku ya tatu baada ya jibu hilo Evodia alimwita Stefania, akamshika mkono, akasema, "Msinibembelezee kaburi kwa mtu. Nizikeni nilipopendwa." Kesho watakuja watu watakaosema alikufa akiwa amesamehe yote, nanyi mkiwasikia mjue kwamba hawakuwepo, kwa kuwa alimsamehe baba yake, akamsamehe mwenye nyumba ile, na jina la kaka yake lilipotajwa aligeukia ukutani.

Alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi kumi na siku ishirini na nane, Dada Marilou akiwa upande mmoja na Bi Kheiria upande mwingine akimsomea dua zake. Alhamisi mjomba Zakayo akafika, akasema ukoo umetafakari, utampokea na kumzika kibanjani, ilimradi isomwe ile historia yao na Stefania aweke sahihi chini yake. Naam, kaburi lilipatikana mara tu mwenyewe aliposhindwa kusema. Stefania hakuweka sahihi, na Evodia anazikwa leo Jumamosi tarehe 15 Februari hapahapa Maskati, katika makaburi ya Wakristo, kwa jina lake kamili na imani yake kamili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, majirani wa Darsait waliopika siku nne hizi bila kuuliza marehemu alisali wapi, Dada Marilou, Hamood aliyeshughulikia vibali vyote, na Bi Kheiria, ambaye asubuhi ya leo aliwaambia wajukuu wake kwamba anayefiwa ni yeye, hivyo wampe pole yeye kwanza. Familia inawashukuru pia waajiri waliowaruhusu wanawake hawa kuja, na kwa wale waliokataa, majina ya wanawake waliozuiwa yatasomwa makaburini, wahesabiwe kuwa wapo.

Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu. Kwa desturi ya kwetu, mkubwa wa ukoo ndiye hutangulia kutia udongo, lakini leo watatangulia wanawake kumi na tisa, kila mmoja kwa mkono wake, kisha watoto, kisha Bi Kheiria atakayesogezwa na Hamood. Mjomba Zakayo unaombwa usubiri, na zamu yako ikifika udongo utakuwepo.

Lala salama, Evodia Apolinary. Umepumzika, mama, sisi bado.