Wiki Saba za Likizo

Ijumaa ndiyo siku yetu ya kukaa. Hapa Najma, mtaa mmoja wa Doha, Qatar, mkabala na maduka ya kutuma pesa, kuna kafeteria ndogo inayouza karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, riyali moja kikombe. Mbele yake kuna ubao uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, na kuanzia saa tisa alasiri ubao huo ni wetu Wakenya. Levis ni dereva wa familia moja kule Al Rayyan. Tunamwita Gavana kwa sababu hakuna shida utakayomletea akakosa mpango. Job anafagia kliniki, kwa hivyo ni Daktari. Benard ni soja kwenye jengo la maduka, huyo ni Afande. Mimi ni Maurice, napiga pasi shuka za hoteli, na jina la utani sina, labda kwa sababu huwa nasikiliza tu. Ilikuwa Novemba 2014. Shule za nyumbani zilikuwa zimefungwa wiki moja nyuma, na Afande alikuja akaketi bila kuagiza kitu.

— Hunywi? Gavana akamuuliza.

— Sitaki.

— Kuna nini?

— Likizo.

Akatoa simu, akatusomea ujumbe wa mkewe, Winfred, aliye kwao Tala: "Baba Mwikali, unga umeisha. Naomba nitoe kidogo kwa ile ya karo, nitairudisha."

Ile ya karo ilikuwa ya Januari. Afande ana watoto wawili, Mwikali wa kidato cha kwanza na Shaun wa darasa la sita, wote wako bweni. Pesa ya kuwarudisha shule alikuwa ameikusanya tangu Julai, akamwachia Winfred aiweke. Bila hiyo, watoto wangekaa nyumbani muhula mzima.

— Shule zikiwa wazi, riyali mia nne zinamtosha yeye na mama yangu mwezi mzima, Afande akasema. Zikifungwa naongeza mia mbili. Aprili pesa ilidumu wiki mbili. Agosti siku kumi. Sasa ni siku ya saba, na wiki zenyewe ni saba.

— Watoto wa bweni hao, Daktari akasema. Miezi mitatu wamekula maharagwe yaliyochemshwa na chumvi. Mtoto akifika nyumbani anakula ya muhula uliopita na ya muhula unaokuja.

— Watoto wawili, Job. Siyo kikosi cha jeshi.

— Basi ni stima. Wako nyumbani mchana kutwa, televisheni inanguruma, simu ziko kwa chaji.

— Televisheni hatuna.

Daktari akapuliza chai yake.

— Basi anajenga.

— Nani?

— Winfred. Anajenga mahali.

— Anajenga wapi?

— Ungejua wapi, angekuwa hajengi.

Gavana hakucheka. Aliweka kikombe chini, akajipangusa mikono kama mtu anayetaka kufungua injini.

— Sikia, Afande. Mimi sisemi mke wako ni mbaya. Nasema pesa ikifika mkononi haina adabu. Wewe usimtumie pesa, mtumie chakula. Kuna duka hapo karibu na kwenu?

— Liko. La Fabian.

— Fabian anakujua?

— Tumesoma naye.

— Basi kila Ijumaa unamtumia Fabian. Winfred anakuja anachukua unga, mafuta, sukari, sabuni, ya wiki moja tu. Fabian anakupigia kukuambia kimetoka nini. Na ile ya karo unamwambia asiiguse hata kwa dawa. Baada ya mwezi utanishukuru.

Nilitaka kusema kwamba mwanamke akiambiwa dukani mbele ya watu kuwa mumewe ameweka masharti, hilo nalo lina gharama yake. Lakini sikusema. Afande alivuka barabara, akatuma pesa kwa Fabian, akarudi akaagiza chai. Uso wake ulikuwa umetulia.

Ijumaa iliyofuata alifika kabla yetu. Alikuwa na sare yake ya kazi, kwa sababu basi la kampuni lingemchukua saa kumi na moja kwa zamu ya jioni. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Fabian alinipigia Jumanne, akasema. Ya wiki imekwisha. Kilo kumi za unga, siku nne. Nikampigia Winfred, akaniambia maneno mawili tu: "Sawa, nimesikia." Tangu Jumatano simu yake imezimwa.

— Imezimwa kabisa?

— Kabisa. Juzi nimesimama mlango wa kusini nikidhani ni wa kaskazini, saa nzima. Msimamizi ameniandika. Nikiandikwa tena, wananirudisha nyumbani.

Halafu Daktari akaanza polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya maabara.

— Kilo kumi kwa siku nne. Hizo watu wanne hawawezi kula hata wakilazimishwa. Huo unga unatoka nje ya nyumba.

— Unaenda wapi?

— Amefungua hoteli.

— Hoteli gani, Job?

— Ya vibanda. Anapikia watu wa bodaboda. Kule kliniki kuna mama alinisimulia, kaka yake alikuwa Jeddah miaka mitano, anatuma pesa ya unga, kumbe bibi analisha stendi nzima na anaweka faida. Unga unaoisha kasi hiyo umeuzwa ukiwa umepikwa.

— Na simu?

— Anaizima saa ya wateja.

— Siku tatu?

— Wateja ni wengi.

Siku nyingine tungecheka. Afande alikuwa anamtazama Daktari kwa makini, na niliona kwamba anaanza kuamini. Mtu akiwa mbali na nyumbani, jambo lolote linaweza kuwa kweli. Unatazama ukuta wa jirani hapa Najma, unaona hoteli ya mkeo kule Tala, na watu wameketi ndani wanakula jasho lako.

— Au ni Fabian, Gavana akasema. Labda wamepatana. Yeye anaandika kilo kumi, anatoa kilo tano, zile nyingine wanagawana pesa.

— Fabian nimesoma naye.

— Ndiyo maana anakujua vizuri.

Afande akatoa simu. Alikuwa ameandika ujumbe usiku uliopita, akashindwa kuutuma. Ulikuwa wa kwenda kwa mdogo wake, Philipo, anayefanya kazi Machakos mjini. Akatusomea kwa sauti ya chini:

"Philipo, nenda nyumbani kesho. Chukua pesa ya karo kwa Winfred, ukae nayo wewe. Mwambie aende kwao apumzike mpaka nije. Watoto wabaki na mama."

— Mpaka uje lini? nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza siku hiyo.

— Mkataba unaisha Agosti mwaka kesho kutwa.

— Afande, hiyo ni karibu miaka miwili. Humwambii apumzike. Unamfukuza.

— Sijasema nimemfukuza.

— Yeye atasoma hivyo.

— Tuma, Gavana akasema, lakini hakuwa na nguvu ile ya wiki iliyopita. Ukingoja, karo itakwenda. Ndugu yako ni damu yako.

Kidole cha Afande kilikuwa juu ya kitufe. Saa ilikuwa inaelekea kumi na nusu.

Hapo ndipo dada mmoja alipofika. Jina lake ni Nyanchama, muuguzi, wiki tatu tu tangu aje Doha. Alikuwa amefuata kifurushi cha unga wa wimbi ambacho mama yake alimpa jamaa ya Gavana aliyesafiri. Gavana alimpa kifurushi, akamnunulia chai, na kwa kuwa Gavana hawezi kukaa na shida bila kuieleza, akamweleza yote: likizo, duka, kilo kumi, simu iliyozimwa, hoteli ya vibanda. Nyanchama alisikiliza huku kifurushi kikiwa mapajani.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Hapo nyumbani wanakula watu wangapi?

— Wanne, Afande akajibu haraka. Mke, mama, na watoto wawili.

— Hao ni watu wako. Mimi nauliza wanaokula. Kwa mfano leo mchana.

Afande akamtazama Gavana. Gavana akamtazama Daktari. Daktari, ambaye wiki mbili hakukosa jibu, akatazama kikombe chake.

— Sijui, Afande akasema mwishowe.

— Kwetu likizo ikianza hatujijui idadi, Nyanchama akasema. Ndiyo maana nimeuliza.

Afande akapiga simu ya Winfred. Imezimwa. Akapiga ya mama yake, simu ndogo ya mzee ambayo kwa kawaida huita mpaka ikachoka. Mara hii ilishikwa. Alikuwa Mwikali. Afande akaweka sauti juu, nadhani kwa sababu aliogopa kusikia peke yake.

— Mwikali, hamjambo? Leo mchana mmekula?

— Tumekula, baba.

— Mlikuwa wangapi?

— Leo?

— Ndiyo, leo. Nitajie.

— Mimi, Shaun, nyanya. Mama tulimwekea. Halafu Kioko, Mutindi na Muthama.

— Hao ni watoto wa Philipo.

— Ndiyo. Baba mdogo aliwaleta siku shule zilipofungwa. Alisema ni siku mbili.

Afande alifumba macho. Ule ujumbe wa kwenda kwa Philipo ulikuwa bado uko kwenye simu hiyohiyo.

— Endelea.

— Na shangazi Ndunge, na watoto wake wawili, na yule mchanga. Mume wake aliwafungia mlango. Mchanga hali ugali, anakula uji.

— Kumi na moja, Nyanchama akasema polepole.

— Mama yuko wapi, Mwikali?

— Ndiyo anaingia. Alienda kupalilia kwa watu, wanalipa shilingi mia mbili kwa siku.

— Na simu yake?

Mwikali akashusha sauti.

— Aliiuza Jumatano. Tukanunua mahindi. Alisema nisikuambie.

Tulisikia sauti nyuma, mlango, ndoo ikiwekwa chini. Kisha Winfred akaja kwenye simu. Afande alijaribu kuondoa ile sauti kubwa, lakini hakukipata kitufe, kwa hivyo sote tulisikia.

— Mbona hukuniambia, Mama Mwikali?

— Nilikuambia Aprili. Nilikutajia mmoja mmoja. Ukaniambia huna wakati wa majina, nikuambie jumla.

— Ungewarudisha.

— Ni watu wako. Wangekuwa wangu ningewarudisha siku ya kwanza. Nikimfukuza dada yako na mtoto mgongoni, utaambiwa nini huko?

Afande akageukia ukuta wa jirani.

— Usiongeze pesa, Winfred akasema. Ukiongeza wataongezeka. Mpigie ndugu yako. Mimi hawezi kunisikia. Na karo sijaigusa, kama ndilo unalotaka kuuliza.

— Silo.

— Sawa.

Simu ilipokatika, Afande aliufuta ule ujumbe herufi kwa herufi. Angeweza kuufuta wote mara moja, lakini hakufanya hivyo. Halafu, kabla ujasiri haujamtoka, akampigia Philipo.

— Nimesikia watoto wako wako kwangu. Ni vizuri, wako kwao. Lakini watatu hao wanakula, Philipo. Leta magunia mawili ya mahindi wiki hii, au uje uwachukue.

Sauti ya Philipo ilitoka nyembamba na yenye hasira. Ati mtu yuko Doha, anakunywa pesa za mafuta, halafu anamhesabia ndugu yake ugali.

— Ndiyo, nahesabu, Afande akasema. Nilichelewa tu kuanza.

Philipo alikata. Afande alikaa akiitazama simu, jasho limemjaa usoni ingawa hewa ya Novemba ilikuwa baridi kidogo. Alikuwa hajawahi kumkemea mdogo wake tangu baba yao afe. Kisha akasimama, akavuka barabara, akatuma pesa kidogo ya simu nyingine, kwa jina la Winfred mwenyewe, siyo la Fabian. Basi la kampuni lilimkuta akikimbia.

Baadaye tulisikia yaliyofuata. Philipo alileta gunia moja, siyo mawili, na hakusalimia mtu. Kabla ya Krismasi akawachukua wawili, akamwacha Muthama ambaye alikuwa hataki kutengana na Shaun. Ndunge alianza kwenda kupalilia pamoja na Winfred, mia nne kwa siku badala ya mbili, na nyanya akabaki na mchanga. Kufikia mwisho wa likizo karo ilikuwa imepungua shilingi elfu moja na mia tano hivi, Afande akafidia kwa zamu za ziada, na Januari watoto walipanda gari la shule siku moja tu baada ya wenzao. Winfred hakumsamehe upesi. Kwa wiki kadhaa alimjibu kwa ujumbe mfupi, na Afande hakulalamika.

Lakini Ijumaa ile, basi lilipoondoka, sisi tuliobaki tulitawanyika. Nyanchama alichukua unga wake wa wimbi, akaaga, akaenda kutafuta kituo cha basi. Daktari alisema ana nguo za kufua. Gavana naye alisogea hatua chache kutoka kwenye ubao, akatugeuzia mgongo, na nilimsikia akiongea na mkewe kwenye simu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu asiye na mpango wowote.

— Hapana, hakuna shida. Nauliza tu. Leo mchana mmepakua sahani ngapi?

Alisikiliza. Mkono wake wa kushoto ulianza kukunja kidole kimoja kimoja, mpaka vikaisha vyote vitano, na bado alikuwa anasikiliza.