Mawe ya Vyumba vya Nyuma: Historia ya Marehemu Mzee Obadiah Onsongo

Wapendwa katika Bwana, mimi ni Abner Mogire, mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa na mwanakamati wa viwanja vya mji, familia imenituma nisome, na nitasoma hata yale ambayo sikupenda kuyaandika.

Mzee Obadiah Onsongo alizaliwa tarehe 11 Aprili 1919 hapa Magwagwa, kifungua mimba wa marehemu Nyasani na Mama Drusilla. Alisoma shule ya misheni kutoka 1929 hadi darasa la nne, 1933, akaacha ili baadaye mimi nisome, akajifunza uashi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa esaiga, ile nyumba ndogo ya vijana nyuma ya nyumba ya mama, ambamo nililala miaka saba nikisoma, wala hakuna aliyemdai karatasi.

Alimwoa Persis Nyamusi tarehe 6 Januari 1944, Mungu akawapa watoto sita, wanne wako hai.

Mwaka 1964 alipata kiwanja mjini akajenga nyumba, na 1967 akaongeza vyumba viwili vya mawe uani, maana alisema watu wa kazi wanalala jikoni mwa wenzao, na huku kwetu kila boma lina nyumba ya nyuma. Katika kimoja alikaa Mama Mariam, muuza mandazi, na watoto wake, kingine mwalimu Onchiri, na kodi ilikuwa ya kumudu. Lakini sheria ya mji ilisema kiwanja kimoja, nyumba moja, basi akaomba kibali mara nne. Tarehe 14 Machi 1972 ombi la nne lilifika kwetu kamatini, kura zikawa nne kwa nne, yangu ikiwa imebaki, wote wakanitazama, nami nikaogopa kuambiwa napendelea ndugu, nikanyoosha mkono kukataa, nikajihesabu mwenye haki. Nje aliniuliza neno moja tu, "Abner, wewe ulipokuwa ukisoma ulilala wapi?"

Hakungoja askari wa mji, alibomoa mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akayapanga kando ya ua, akisema yatarudi mahali pake. Mama Mariam alipita kwangu na masufuria kichwani, akaniambia, "Mzee wa kanisa, lala salama kwako."

Kifua kilianza kumsumbua 1975, vumbi la mawe lilikuwa limeingia, akalazwa mara tatu. Agosti mwaka huu, 1978, sheria ilibadilishwa, vyumba vya uani vikakubaliwa, nami, badala ya kukimbia kumwambia, nikasema nitampelekea barua yenyewe ya kibali, nikangoja muhuri. Alilala tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi. Barua ilipigwa muhuri tarehe 5, ninayo hapa mfukoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na Mama Mariam aliyekuja na mandazi ya waombolezaji bila kuitwa. Wanakamati wenzangu, asanteni kwa lori lililobeba yale mawe kutoka mjini, ndiyo mnayoyaona kaburini, na kwa chumba hiki hakuna aliyeombwa kibali.

Kaka, pumzika kwa amani, na Bwana akikupa nyumba huko, siku nitakapokuja na kosa langu, unipokee hata uani.