Ulezi Ulioshitakiwa kwa Kosa la Gurudumu

Mgeni rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, na ninyi ndugu zetu wa Kampuni mliovaa tai katika baridi hii,

KARIBU UFIPA

Sisi akina mama tunaoanika ulezi kwenye kiwanja cha ndege tunakukaribisha Sumbawanga kwa furaha yote tuliyobakiwa nayo. Tumeambiwa umekuja kuzindua upya safari za ndege ya Kampuni, na kwamba Kampuni ilikupa tiketi ya bure. Tumekuona ukishuka kwenye gari, vumbi la barabara ya Tunduma limekujaa mpaka kwenye nyusi. Huo ndio uongozi wenye busara, na tunakupongeza.

HISTORIA FUPI

Kiwanja chetu ni cha udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Hakuna mahali pengine ulezi unapokauka upesi namna ile. Mama zetu walianika pale, nasi tunaanika pale, na ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma hula majani ya pembeni. Marubani wote walijua desturi: ndege inapita chini mara moja, sisi tunakusanya ulezi, ng'ombe wanafukuzwa, kisha inazunguka na kutua. Ndege za serikali zilipoadimika, biashara ikaachiwa huru, na Kampuni ikatuletea ndege yake ndogo nyeupe, yenye magurudumu ya kukunja tumboni. Tulipiga vigelegele kama watu wengine.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu makubwa msimu huu ni kwamba hakuna aliyekufa. Turuhusu tukueleze, maana katika taarifa ya Kampuni jambo hilo halikupata nafasi.

Asubuhi ile ndege ilikuwa imetoka kwenye matengenezo, na ilikuwa safari yake ya kwanza kwetu tangu tuvune. Ilipita chini, nasi kwa adabu zetu tukakusanya ulezi wa kila nyumba na kuurundika pembeni. Ikapita tena. Tukadhani rubani hajaridhika na usafi, tukachukua mifagio. Naam, ndege iko mashakani juu ya vichwa vyetu, sisi tunafagia.

Mwenzetu Coleta peke yake ndiye aliyenyoosha mgongo akatazama juu. Aliona mguu wa mbele umeshuka, na wa kushoto umeshuka, lakini upande wa kulia tumbo lilikuwa limefumba. Alimshika mkono Kabula, jirani yake mfugaji.

"Kabula, hebu tazama! Mguu wa kulia haujashuka!"

"Dada, we fagia tu. Anasubiri tumalize."

"Anasubiri nini? Huyu hana mguu!"

Coleta alitupa ufagio akakimbia mpaka kwenye kibanda cha Kampuni. Bwana aliyekuwemo alikuwa na tiketi, kalenda na kikombe cha chai. Redio ya kuongea na rubani, alisema, imo kwenye mipango. Coleta akatoka mbio akituswaga sisi na ng'ombe tuondoke njiani, analia huku anatutukana kwa Kifipa, matusi ambayo kwa heshima yako hatuyasomi. Aliogopa kweli, mgeni rasmi. Alituambia baadaye kwamba aliona sura za abiria madirishani, na mmoja alikuwa anampungia mkono.

Ndege ilitua kwa miguu miwili. Ikaenda vizuri kidogo, ikalala upande wa kulia, bawa likakwangua ardhi, ikaserereka mpaka kwenye lundo letu la ulezi na kusimama. Abiria walitoka wamejaa ulezi masikioni, wote wazima. Coleta alikaa chini palepale.

MATATIZO

Akaja mtaalamu wa Kampuni kutoka Dar es Salaam. Alitazama gurudumu kidogo, akatazama ulezi sana. Akatamka kwamba vumbi la ulezi ndilo lililokwamisha mtambo wa gurudumu. Sisi hatukusomea ndege. Tunashangaa tu bidii ya ulezi huu, uliotoka chini ukaifuata ndege angani, tena ndege ambayo tangu tuvune ilikuwa haijawahi kukutana nao.

Askari akaja akasimama kwenye lundo. Coleta ndiye aliyekuwa karibu, anachambua vioo vya taa ya ndege iliyovunjika kutoka kwenye nafaka.

"Ulezi huu wa nani?"

"Wetu, afande."

"Wetu ndiyo nani? Taja jina."

"Coleta."

Basi, upelelezi ukakamilika. Yuko mahabusu, na Jumatatu anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuhatarisha chombo cha anga. Gurudumu liko nje kwa dhamana.

MAOMBI

Mgeni rasmi, wenye risala huomba kisima, zahanati au mabati. Sisi hatuombi vitu. Tunaomba Coleta arudi nyumbani leo, kabla hujakata utepe. Tunalisema hili bila mzaha, maana mwenzetu anateseka na hana kosa.

Ikionekana sheria haiwezi kumwachia, basi ifuatwe yote. Lundo lile lilikuwa na ulezi wa kila mama aliyeko mbele yako. Majina yetu tumeyaandika chini ya karatasi hii ili askari asisumbuke kuuliza. Tumekuona ukitabasamu tulipoingia, tukadhani labda umefikiri ni vazi la ngoma. Hapana. Mablanketi haya mabegani ni ya kulalia mahabusu, na lile la ziada alilobeba Kabula ni la Coleta. Ukimaliza kusikiliza, tuonyeshe tu gari la kupanda.

Mungu akupe afya, akupe na usikivu, aibariki mikono yako kwa lolote itakalotia saini leo.

Ni sisi,
Akina Mama Waanika Ulezi wa Kiwanja cha Ndege, Sumbawanga.
Imesomwa kwa niaba yao na Zita, wifi yake Coleta.