Papa Maliro Aliyerudishia Bonde Maji Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mama, punguza moto chini ya sufuria ya sombe, kuja karibu na redio. Leo tunamukumbuka Papa Maliro Gamaliel wa Kipese. Tulimuzika siku ya ine. Alikuwa na miaka makumi saba na moja.

Papa Maliro alikuwa na bonde la maji, lenye mafunjo na udongo mweusi. Miaka kumi na mbili imepita, alichimba mifereji, akatoa maji yote, akapanda shu, ni kusema kabichi. Ayayai, zile shu! Hata miye nilizikula.

Mwezi wa saba akachoma majani, kama tunavyofanya sisi bote. Lakini udongo wa bonde si udongo tu. Ni majani ya zamani sana, yamelala chini ya maji bila kuoza. Moto ukaingia chini, ukakula udongo wenyewe. Moshi wiki sita, wasikilizaji wapendwa. Wiki sita! Bonde likashuka kimo cha magoti. Na kisima cha kijiji, chini ya bonde, kikakauka.

Mujane wake, Mama Jokébed, anakumbuka: "Banamuke balikuwa banapita na bidon mbele ya nyumba yetu, banaenda kuteka mbali. Habakututukana. Habakutusalimia tu."

Papa Maliro angeweza kusema ni jua. Hapana. Siku ya Mungu, kisha misa, alisimama mbele ya batu bote: "Kisima, ni miye nilikausha. Nitakirudisha."

Akang'oa miti yake ya kalitusi, ile inayokunywa maji kama mulevi. Akaziba mifereji na mifuko ya udongo. Akarudisha mafunjo. Batu bakacheka: "Muzee analima maji!" Mwaka wa kwanza, kisima kikavu. Mwaka wa pili, kikavu. Mwaka wa tatu, binti yake Tamar alipita pale.

"Nilikuta maji inatoka kidogo kidogo," anasema Tamar. "Nikamuita papa. Alipiga magoti mu matope na koti yake ya misa. Alilia."

Kisha balimu ba université bakakuja na bomba refu, bakachomoa udongo mweusi mpaka metre tatu. Bakamueleza: udongo huu ulijikusanya miaka elfu na elfu; maji ikiufunika, kaboni inabaki imefungwa ndani. Udongo ukikauka, inapanda mu hewa, inaongeza joto mu dunia. Muzee akasema: "Basi nilichoma miaka elfu sababu ya shu."

Mama Jokébed, Tamar, jamaa yote ya Kipese, poleni sana. Na aksanti. Aksanti kwa huyu mutu mwenye hakuona haya kusema "ni miye". Leo Kipese banakunywa maji kwa sababu yake.

Nasi tufikiri, wasikilizaji wapendwa. Mwezi wa saba iko karibu. Miye mwenyewe niko na bonde kule Alimbongo, na mifereji mine. Papa Maliro aliniuliza mara mbili, hapa hapa mu studio: "Na ya kwako, mwana wangu?" Mara mbili nilicheka tu. Kesho asubuhi ninaenda kuziba mufereji ya kwanza. Papa, unisamehe, nimechelewa.