Fundi Fridolin, Mashine Iliyoitwa Hamali, na Barua Moja ya Onyo

Tarehe 30 Juni 1999, Fundi Fridolin Mponda anarudisha funguo za karakana baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya hapa Ifakara kwa miaka thelathini na mitano. Katika muda wote huo faili lake lina barua moja tu ya onyo. Mimi Tekla, muuguzi wa chumba cha watoto njiti, niliomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya barua hiyo.

Alitoka Malinyi mwaka 1964, kijana mwembamba, akapewa kazi ya kutunza friji za chanjo zilizotumia mafuta ya taa. Wakubwa zetu wanasimulia kwamba kila asubuhi alizipitia friji zake kwanza, ndipo akawasalimu watu. Walimtania kwamba anaziamkia, na siku moja zingemwitikia marahaba.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua chumba cha njiti kilivyokuwa. Novemba tulitundika kanga mbichi madirishani kupunguza joto. Juni, baridi ya bondeni ikishuka, tuliingiza jiko la mkaa, macho yakatuwasha, tukabaki kumwomba Mungu. Ndipo mwaka 1991 wafadhili wakatuletea mashine ya hewa, kipande kimoja ndani na kingine nje ya ukuta, yenye swichi ya kuigeuza kufuata majira.

Wazazi waliiogopa, wakaziba matundu yake kwa kanga. Fridolin hakumfokea mtu. Aliwaeleza kwamba mashine ile inahamisha joto tu: wakati wa joto inalitoa chumbani na kulitupa nje; wakati wa baridi inachota joto dogo lililoko nje, ambalo wewe hata hulihisi, na kuliingiza ndani. Bibi mmoja wa Mkula akasema, basi huyo ni hamali. Jina likabaki hilohilo, Hamali.

Sasa, ile barua. Kuanzia Novemba hadi Machi Hamali alitupa nje upepo wa moto, nasi tukazoea kuanika nepi hapo nyuma. Juni 1994 mavuno yalikuja na manyunyu, mpunga ukaloa. Mfanyakazi mmoja, jioni, akiwa na haraka ya kwenda nyumbani, alisogeza magunia mawili ya mpunga mbele ya kipande cha nje na kuyazungushia jamvi ili joto lisipotee. Hakujua kwamba Juni Hamali amegeuzwa, na kinachotoka nyuma ni baridi. Kulipokucha mashine ilikuwa imekosa hewa, mabomba yameganda barafu. Ndani walikuwamo Nazari na Mariana, pacha wa Digna wa Mlimba, kila mmoja kilo moja na robo, na miguu yao ilikwishaanza kupoa.

Fridolin alivuta jamvi, akazima mashine, akayamwagia mabomba maji ya vuguvugu kutoka jikoni, ndoo baada ya ndoo, huku Digna na dada yake wamewabana pacha vifuani, ngozi kwa ngozi. Ilituchukua saa nzima. Hamali aliponguruma tena na hewa ya joto ikatugusa mikono, nililia.

Mganga mfawidhi aliuliza mpunga ni wa nani. Fridolin alijua, maana magunia yalikuwa na jina. Akajibu kwamba kosa ni lake, hakutufundisha habari ya Juni. Akapewa barua. Wiki iliyofuata alichomelea wavu kuzunguka kipande cha nje, kisha akatujengea uchanja wa kuanikia, pale penye jua.

Pacha wametimiza miaka mitano mwezi huu. Leo wako hapa ukumbini na mama yao, wananyang'anyana kofia ya fundi.

Fundi, umenitunzia siri miaka yote hii, na wewe unavyopenda utani hujanitania kwa hilo hata siku moja. Magunia yale yalikuwa yangu. Mganga mfawidhi, naomba barua ile itoke kwenye faili lake leo, kabla hajarudisha funguo, iwekwe kwenye langu.

Ahsante kwa chumba kile, na kwa kila mtoto aliyetoka humo akiwa mzima. Tunakutakia, mzee wetu, nyumba yenye joto Juni na ubaridi Novemba. Na mpunga wako, tafadhali, uanike juani.